Nani Aliyeanua Ng'onda

Konseli Didrik Werring, tajiri wa samaki na mwakilishi wa Ureno mjini kwetu, alikutwa amelala kifudifudi juu ya chumvi yake mwenyewe, kwenye ghala la chini, utepe wa rangi za taifa bado umebanwa kifuani. Nje bendi ya matarumbeta ilikuwa inapiga, na watoto wa shule wanapiga kelele za hureee. Siku gani hiyo ya kufa mtu! Tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya Katiba, siku ambayo hapa Kråksund, bandari yetu ndogo ya kaskazini, hata mgonjwa wa kitandani huvalishwa shati safi.

Inspekta Torgeir Nesje aliingia ghalani na glavu zake nyeupe za gwaride. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye kona ya duka la mikate kulinda maandamano yasiyohitaji kulindwa. Jambo kubwa aliloliona lilikuwa Petra Hopen, mfupi kama pipa la siagi, akihangaika chini ya bendera kubwa ya Chama cha Wanawake wa Mwambani, na mvua inanyesha, mpaka nyuzi za pindo zikaburura kwenye tope. Watu walicheka. Torgeir naye alicheka. Ndipo Sajenti Leiv akaja mbio, kofia mkononi.

"Afande, kesi imekwisha kabla haijaanza," alisema Leiv sasa. "Muuaji tunaye."

"Nani?"

"Mreno. Baharia wa ile meli iliyokuja kuchukua samaki. Tumemkuta hapa hapa, mikono yote damu."

"Alikimbia?"

"Hapana. Alikuwa amekaa kwenye kipipa, anatetemeka."

"Muuaji anayekaa kungoja polisi. Makubwa haya," alisema Torgeir, akavua glavu.

Dokta Krogh, daktari wa polisi, alikuwa amepiga magoti kando ya mwili. Kofia yake ndefu ya sikukuu ameiweka juu ya mfuniko wa pipa.

"Pigo moja," alisema. "Nyuma ya sikio la kulia. Kitu cha chuma, kizito, chenye ukingo wa mviringo. Fuvu limepasuka."

"Walipigana?"

"Hakuna alama ya kujikinga mikononi. Alikuwa amempa mgongo huyo mtu. Amempa mgongo bila wasiwasi."

"Amekufa tangu lini?"

"Bado ana joto, Torgeir. Asubuhi si alihutubia pale gatini, akatutia usingizi sote? Basi baada ya hapo."

Torgeir alizunguka ghala polepole. Kulia chumvi, kushoto marobota ya ng'onda, samaki wa kukaushwa, yaliyofungwa tayari kwa safari. Katikati mizani kubwa, na pembeni yake mawe ya mizani, ya chuma, yamepangwa ubaoni, kubwa mpaka dogo. Vumbi la chumvi hufunika kila kitu ghalani humo, na mawe yale yalikuwa meupe yote. Yote isipokuwa moja, la pili kwa ukubwa. Hilo lilikuwa jeusi, linang'aa.

"Leiv, njoo. Unaona nini?"

"Mawe ya mizani."

"Lipi safi?"

Leiv aliinama. "Hili. Limefutwa."

"Limefutwa, likarudishwa mahali pake, kwenye mstari, kwa ukubwa wake. Lichukue kama kielelezo. Alama za vidole hutapata, lakini lichukue."

Dokta alicheka puani. "Nimetibu mabaharia miaka yote. Sijapata kuona baharia anayerudisha kitu mahali pake."

Mreno alikuwa kijana mwembamba, koti lake fupi kwa upepo wa kwetu. Mtu pekee mjini aliyesema Kireno vizuri alikuwa konseli, na konseli ndiye huyo chini. Lakini Torgeir aliwahi kuwa baharia kabla ya kuvaa sare, na Kireno cha bandarini alikuwa nacho cha kutosha.

"Jina?"

"Adelino."

"Ulifuata nini humu?"

"Nahodha kanituma. Kaniambia kamuulize konseli tunapakia leo au kesho. Leo kila mtu anaimba tu, hakuna anayefanya kazi."

"Ukamkuta vipi?"

"Kalala. Nikadhani kalewa, maana sikukuu. Nikamgeuza. Nikaona." Adelino alifumba macho. "Nikamwachia, akarudi vile vile."

"Uliona mtu?"

"Sikuona mtu. Mlango ule wa baharini ulikuwa wazi."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa imeshakatika. Mawe ya nje yote maji tupu."

"Uligombana na konseli?"

"Nigombane naye nini? Nilikuwa simjui hata sura." Akamtazama Torgeir usoni. "Bwana, meli inaondoka kesho mchana. Mke wangu kajifungua nikiwa baharini, mtoto sijamwona. Niambie kweli. Nitaondoka nayo?"

Torgeir alimwambia Leiv amfunike blanketi, ampe kahawa, ampeleke mahabusu kwa mlango wa nyuma ili watu wasimwone.

Kisha akatoka kwa mlango wa baharini.

Mbele yake ulitandaa mwamba, mpana, umelainishwa na miguu ya wanawake vizazi na vizazi. Hapa ndipo mji wetu ulipopatia mkate wake. Samaki wanatoka baharini, wanapasuliwa, wanakaa chumvini, kisha wanaanikwa juani mpaka wakauke, halafu wanakwenda kuliwa na watu wasioijua hata theluji. Torgeir aliujua mwamba ule kwa nyayo. Mama yake, Gurine, aliinama hapo mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na yeye mwenyewe alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kubeba mawe ya kukandamiza vifuniko.

Alisimama kwa ghafla.

Karibu na ghala ng'onda walikuwa wametandazwa, nyama juu, wamelowa chepechepe. Kule mbele, karibu na maji, hapakuwa na hata mmoja chini. Wote walikuwa wameanuliwa na kupangwa marundo ya duara, ngozi juu, vifuniko vya mbao vimewekwa, na juu ya kila kifuniko jiwe.

"Leiv! Nani aliyeanua hawa?"

Leiv alikuwa amerudi, anahema. "Si wanawake?"

"Wanawake walikuwa kwenye maandamano."

"Basi Mreno."

Wakatazamana. Leiv mwenyewe akaona alichokisema, akajikuna shingo. "Haya, nimekosea. Mtu hawezi kuua, halafu akaanua ng'onda."

"Ameweza," alisema Torgeir. "Lakini angalia alichofanya. Hawa wa karibu wametoka chumvini jana. Mvua ikiwapata, unawarudisha chumvini, unaanika tena, hasara ndogo. Wale wa mbele wamekaribia kuiva. Wale mvua ikiwapiga wanateleza na kunuka, jua lote walilokula linakwenda bure. Sasa mimi na wewe tukisimama hapa, samaki ni samaki tu, wote weupe. Huyu mtu aliwaruka wa karibu, akakimbilia wa mbali. Alijua."

Leiv alitazama marundo, akatazama ghala. Uso wake ulibadilika. "Lakini Afande, hao wanaojua ni wanawake wetu."

"Ndiyo."

"Ni mama zetu hao!"

"Nimekusikia, Leiv."

Mkuu wa Polisi, Bwana Stoltz, alimsubiri ofisini na utepe kifuani na jasho usoni.

"Umeshamfungulia mashtaka?"

"Bado, mkuu. Sina ushahidi."

"Huna ushahidi? Mikono yake ilikuwa nyekundu!"

"Alimgeuza maiti. Yeyote angechafuka."

"Torgeir, sikiliza. Mji mzima umeshajua ni Mreno. Watu wanakunywa kahawa kwa amani. Unataka nisimame sokoni niwaambie ni mmoja wao?"

"Nataka uwaambie ukweli tukiupata."

"Kesho mchana meli inang'oa nanga," alisema Stoltz. "Ikifika hapo hujaniletea mtu mwingine, huyo anabaki. Na jela ya kwetu kwa mtu wa kule joto, unajua mwenyewe."

Torgeir alitoka bila kupiga saluti. Alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa ya Stoltz peke yake. Ilikuwa ya kazi iliyokuwa mbele yake.

Wanawake wa mwambani walikuwa shuleni, meza yao ile ile ya kila mwaka, magauni meusi ya sufu na vifungo vya fedha shingoni. Juu ya meza kulikuwa na keki ya malai, kahawa, na mayai yaliyopigwa na sukari kwa ajili ya wajukuu. Walikuwa wanasema wote kwa pamoja, na walipomwona inspekta wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Torgeir mwanangu, kaa ule," alisema Petra Hopen. "Umekonda. Mkeo anakulisha sheria?"

Wakacheka, lakini kicheko kifupi.

"Nitakula baadaye, Mama Petra. Nina swali moja. Nani aliyeanua ng'onda?"

Kijiko kimoja kiligonga kikombe.

"Hakuna," alisema Petra. "Tena haiwezekani. Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nini?"

"Wewe hujui? Yule marehemu, Mungu amrehemu, alitutoa kitandani alfajiri ya leo. Leo! Tuanike, eti meli ya Ureno inangoja. Tangu nizaliwe sijaona mtu akianika siku ya Katiba. Tukaanika. Lakini pale pale mwambani tukapeana mikono. Hakuna atakayegusa samaki mpaka maandamano yaishe. Mvua ikinyesha, inyeshe. Waoze wote, na yeye alie hapo hapo."

"Nani alilitoa wazo hilo?"

"Jensine."

Jensine Aukan alikaa mwisho wa meza. Mwanamke mrefu, mabega mapana, ndiye aliyewaongoza wenzake mwambani tangu Torgeir hajajua kusoma. Alikuwa rafiki ya mama yake; siku Gurine alipozikwa, Jensine ndiye aliyempikia Torgeir uji wa malai akamkalia mpaka akaumaliza. Sasa alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Ni kweli, Shangazi?" aliuliza Torgeir.

"Ni kweli," alisema Jensine. "Nilisema hivyo."

"Na nyote mlikuwa kwenye maandamano mwanzo mpaka mwisho?"

"Wote," walijibu.

"Nani alibeba bendera ya chama?"

"Jensine," alisema Petra haraka. "Huibeba yeye siku zote. Nani mwingine ana kimo hicho?"

Wengine wakatikisa vichwa kukubali, wote, macho kwenye keki.

Torgeir aliwatazama. Aliikumbuka bendera ikiyumba kwenye kona ya duka la mikate, pindo kwenye tope, na Petra chini yake ameuma meno. Jamani! Wanawake hawa walimfundisha kusema kweli kwa kumvuta masikio, na sasa wanamdanganya mchana kweupe, tena kwa uongo ambao mji mzima uliuona ukipita.

Alichukua kipande cha keki ili asiwaaibishe, akakila, kisha akamwomba Petra amsindikize nje.

"Mama Petra, bendera ulibeba wewe."

"Ah, kidogo tu."

"Kuanzia wapi?"

Petra alizungusha pete kidoleni. "Usinifanye niseme."

"Kuna kijana mahabusu hajamwona mwanawe. Asipotoka kabla ya kesho mchana hatatoka. Kuanzia wapi?"

"Kabla ya jiwe," alisema Petra kwa sauti ndogo.

Torgeir alielewa, na aliona haya kwamba hakuelewa mapema. Jiwe la kumbukumbu ya vita liko sokoni. Kila mwaka maandamano husimama hapo, kasisi husoma majina ya vijana wetu waliokufa katika miaka ile ya Wajerumani, majina yote, taratibu. Jina la Edvin Aukan halimo. Edvin, mtoto pekee wa Jensine, alizama na mashua ya Konseli Werring, na vita vilipokwisha ilisemwa alikuwa anawapelekea Wajerumani samaki wa magendo. Nani aliyeanza kusema hakuna aliyeuliza. Jensine aliendelea kuja kazini. Watu waliendelea kumsalimu, lakini kwanza walitazama nani anawaona.

"Kila mwaka tukikaribia jiwe ananipa mimi bendera, anapita uchochoro wa nyuma, tunakutana naye mbele," alisema Petra. "Sisi tunajifanya hatuoni. Mwaka wa sita huu. Tungekuambiaje mbele yake, pale mezani? Ungetaka tulitaje lile jambo la Edvin juu ya keki?"

"Na leo mlikutana naye wapi?"

"Leo hakutokea mpaka hapa shuleni. Kasisi naye alihubiri, mvua inatupiga, bendera inanivunja mikono..." Petra akashusha sauti zaidi. "Torgeir, nitakwambia, lakini usimfedheheshe. Alikuja mikono yake imepauka chumvi mpaka viwiko, na gauni la sufu limeloa na kujaa magamba. Nikamwambia kanawe haraka, wenzako wasione. Yeye ndiye aliyetuapisha, halafu yeye ndiye aliyekwenda kuanua! Wakijua watamchukia. Mimi nimenyamaza. Ni samaki tu, mwanangu. Kwa samaki tu usimwaibishe."

Torgeir aligeuka akatazama upande wa ghala. Petra alimtazama, akamtazama tena, na taratibu mkono wake ukapanda mdomoni.

"Hapana," alisema. "Hapana, Torgeir. Sikusema hivyo. Mimi nimesema samaki!"

Alianza kulia pale pale kwenye ngazi za shule, na watoto wenye vibendera wakimpita.

Jensine alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa jikoni. Torgeir alimkuta nyumbani kwake, kilimani juu ya gati, mlango wazi, birika jikoni linachemka. Vikombe viwili mezani. Alikuwa amevua gauni la sikukuu na kuvaa lile la kazi.

"Kaa," alisema. "Umekuja na Leiv?"

"Leiv yuko chini, njiani. Nimemwambia angoje."

"Umefanya vizuri. Kelele nyingi yule." Akamimina kahawa. "Petra kasema?"

"Petra hakujua anachosema."

"Usimlaumu. Moyo wake mwema."

"Shangazi, ninakuonya kwamba chochote utakachosema..."

"Najua, najua. Kunywa kwanza, isipoe."

Torgeir alikunywa, akaungua ulimi. Angetoa kitu chochote asiwe yeye aliyekaa kwenye kiti kile.

"Mreno mmemwachia?" aliuliza Jensine.

"Bado."

"Nilikuwa nije kesho asubuhi, kabla meli haijaondoka. Nilitaka usiku mmoja tu kwenye kitanda changu. Sikutaka yule mtoto wa watu afungwe, nakuapia."

"Nakuamini. Ulikwenda ghalani kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Jensine alikaa. Aliweka mikono yake mezani, mikubwa, imepasuka na chumvi ya miaka yote.

"Mimi nakwepa jiwe kwa sababu jina la mwanangu halipo. Hilo kila mtu analijua. Lakini yule bwana alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe. Alilisimamisha yeye, alilizindua yeye, na kila mwaka anahutubia gatini, halafu kabla hatujafika kwenye majina anapotea. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nikaona. Leo, baada ya kumpa Petra bendera, nikamwona mgongo wake unaingia ghalani, nikajiuliza. Mimi najua ninachokikwepa. Yeye anakwepa nini?"

"Ukamfuata."

"Nikamfuata. Nikamwuliza hivyo hivyo, kwa heshima. Bwana Konseli, mbona wewe husikilizi majina?"

"Akasema nini?"

"Kwanza akaniuliza kwa nini siko na wenzangu. Nikarudia. Akakasirika. Akasema, Jensine, unataka nini kutoka kwangu, mashua ilikuwa yangu. Wajerumani wangeikamata njiani imejaa watu waliokuwa wakisakwa, wangenipiga risasi mimi. Nilipiga simu, nikasema imeibwa. Ningefanya nini?"

Torgeir aliweka kikombe chini.

"Alisema alipiga simu?"

"Kwa Wajerumani. Asubuhi ile ile. Edvin alikuwa amewabeba watu, anawavusha mpaka visiwa vya Shetland, wasikofika Wajerumani. Hakuwa na samaki hata mmoja mle. Yule bwana aliiona mashua haipo, akajua, akapiga simu. Wakatuma chombo chao cha doria." Sauti ya Jensine ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kugawa kazi mwambani. "Nikamwuliza, na lile la magendo? Akasema, watu waliuliza mashua ilikuwa inakwenda wapi, ilibidi niseme kitu. Kitu! Miaka yote hii nimemwinamia mtu yule, Torgeir. Nimemkaushia samaki wake, nimemwambia ahsante kwa kazi. Nimepita uchochoroni kila sikukuu kama mwizi. Na yeye alisema kitu."

"Kisha?"

"Kisha akasema, haya nenda kaandamane, watakutafuta. Akanipa mgongo, akaanza kupanga mawe yake ya mizani. Hakuogopa. Hakuona sababu ya kuniogopa." Alipumua. "Nililichukua lililokuwa karibu. Sikulia, sikupiga kelele. Nilipolirudisha pale ubaoni nililifuta na aproni. Sijui kwa nini nilifuta. Mikono imezoea kufuta."

"Na mvua?"

"Ilianza nilipofungua mlango wa baharini. Nilitaka niende tu. Nilitaka niende mpaka mwisho wa mwamba, niende na maji, yaishe." Kwa mara ya kwanza macho yake yalijaa. "Halafu nikaona wale wa mbele wanalowa. Wamebakiza jua kidogo tu. Petra kawabeba mgongoni na kifua kile kibovu. Wale si samaki wa konseli, Torgeir, wale ni mgongo wetu. Nikaanua. Nilipoweka jiwe la mwisho mvua ikakatika, na ile hamu ya maji ikawa imeniondoka. Nikaenda kwa wenzangu kunywa kahawa."

Chini gatini bendi ilikuwa imeanza tena. Torgeir alitoa kalamu na karatasi za maelezo. Aliandika kila neno, na alipokosea herufi alifuta akaanza upya, maana hakuyaamini macho yake. Alipofika mwisho alimwita Leiv kutoka dirishani.

"Nenda kituoni. Mtoe Adelino, mrudishie mkanda wake na viatu, mpeleke mpaka ngazi ya meli. Mwombe radhi."

"Kwa Kireno, Afande?"

"Kwa lugha yoyote uliyonayo. Na Stoltz akikuuliza, mwambie nakuja."

Leiv alichungulia ndani, akamwona Jensine, akavua kofia. Aliondoka bila utani wowote.

"Soma, Shangazi, halafu utie sahihi hapa chini," alisema Torgeir. "Wakili atasema ulichokozwa. Nami nitasema. Lakini sitakudanganya, utafungwa."

"Najua. Nimeua mtu." Jensine alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kinafuata mistari. Mahali fulani kidole kilisimama. "Haya yatasomwa mahakamani?"

"Yatasomwa."

"Yote? Hata hapa pa mashua, na wale watu aliowabeba, na nani alipiga simu?"

"Yote. Neno kwa neno."

"Mbele za watu?"

"Mji mzima utakuwepo. Hakuna atakayebaki nyumbani."

"Na jina lake? Atalitamka kwa sauti, huyo atakayesoma, au atalipitia haraka haraka?"

"Nitasoma mimi," alisema Torgeir. "Nitalitamka kwa sauti."

Jensine alimtazama muda, kama alivyokuwa akimtazama zamani kuhakikisha uji umekwisha bakulini. Kisha akavuta karatasi karibu, akatia sahihi.